Mama Hapokei

Katika kigango chetu cha Hirbadaw, kanisa dogo chini ya parokia ya Katesh, kulikuwa na Wakristo wa aina mbili: wanaopokea na wasiopokea. Mgeni akiuliza habari za mama yangu, aliambiwa kwa sauti ya chini, "Ni mama mzuri sana, anajitoa, ila hapokei." Hakuna aliyeongeza neno. Kupokea ni kupokea Komunyo, na mtu mzima asiyepokea alikuwa na jambo la ndoa. Mambo mengine yote yalikuwa na dawa, hata wizi wa ng'ombe. Jambo la ndoa halikuwa nayo.

Mama alizaliwa juu, Mbulu, kwenye familia ya wakulima waliokuwa Wakatoliki tangu enzi za babu zao. Alibatizwa akiwa mchanga, akapata kipaimara, akaimba kwaya. Kisha akaolewa huku chini Hanang na baba yangu, Mbarbaig mfugaji asiyekuwa na dini ya kanisani wala ya msikitini, na aliyekuwa tayari na mke. Ng'ombe wa mahari walipandishwa mlima hadi kwa babu. Babu, Mkristo wa kutolewa mfano, aliwapokea ng'ombe wale bila kutetemeka, na Jumapili iliyofuata akaenda mbele akapokea Komunyo. Aliyefungiwa sakramenti ni binti yake.

Nimeishi na jambo hilo maisha yangu yote na sijalizoea. Padre alifika kigangoni kwetu mara chache, akitoka Katesh, na siku ya kufika kwake ilitangazwa mapema ili watu wajiandae kuungama na kuku wakamatwe. Kuku alikuwa wetu. Nyumba ya mama ilikuwa karibu na kanisa na mikono yake ilijulikana kwa upishi, kwa hiyo padre akitoka madhabahuni alikuja kula kwetu. Mama alimnawisha mikono kwa maji ya uvuguvugu, akamwekea paja na maini, kisha akaenda kukaa jikoni. Padre alikula akasifia. Mikono ile ile, muda mfupi uliopita, ilikuwa imegawa Mwili wa Bwana kwa kigango kizima na kumruka mwenye kuku.

Kanisani alikaa benchi la kati upande wa akina mama. Wakati wa Komunyo benchi zima lilisimama, naye alivuta magoti kando ili wenzake wapite. Nilikuwa nayatazama magoti yale. Alikuwa mwanamke mrefu, na benchi lilikuwa karibu mno na lile la mbele, kwa hiyo ilimbidi ajikunje kabisa. Wenzake walipita wakiangalia mbele, wakarudi wameinamisha vichwa, naye akajikunja tena wapite. Wengine walikuwa wasengenyaji wakubwa wa kisimani, lakini ndoa zao zilikuwa na cheti.

Katekista wetu alikuwa mzee mkali, mnyoofu, na sisemi vibaya juu ya unyoofu wake. Yeye ndiye aliyenifundisha upadre ni nini. Alisema padre akishapakwa mafuta mikononi hawezi tena kuwa mtu wa kawaida, hata akitaka. Akiwa mlevi ni padre, akiwa mkorofi ni padre, akikimbia na kuoa bado ni padre, maana alama ile haifutiki. Akisema maneno yale juu ya mkate, mkate unageuka, hata kama rohoni mwake siku hiyo kuna giza. Alisema Bwana aliwapa mitume uwezo wa kufunga na kufungua, mitume wakawapa maaskofu, maaskofu wakawashirikisha mapadre, mkono juu ya kichwa, mkono juu ya kichwa, hadi kufika Katesh.

Nilinyoosha kidole. Nikauliza, kama padre anaweza kufungua, mbona hamfungulii mama?

"Padre hafungui ovyo," alisema katekista. "Mama yako anaishi na mume wa mtu. Mume huyo akiwepo, mlango haufunguki."

Nililishika neno hilo la mume akiwepo, kwa sababu lilinitisha. Lilinifanya nimtazame baba jioni akirudi na mifugo, nikijiuliza kama ni dhambi kumpenda. Nilimpenda. Alikuwa mtu wa maneno machache na dharau kidogo, na hakuwahi kumzuia mama kwenda kanisani, ingawa mama mkubwa, mke wake wa kwanza, alimcheka kwa hilo.

Mdogo wangu wa kiume alipofaulu kwenda seminari ndogo, baba ndiye aliyekuwa na maswali ya maana kuliko wote. Kwao, wenye kazi ya kusimama kati ya watu na Mungu huzaliwa katika ukoo wao, hawachaguliwi kwa mtihani. "Ninyi mnamtengeneza shuleni?" alimuuliza paroko aliyekuja kumwombea ruhusa. Paroko akaeleza kwamba wito unatoka kwa Mungu. Baba akafikiri, akasema, "Basi Mungu wenu ameingia boma langu kuchagua. Lakini mama yake mmemwacha nje." Paroko alicheka, akidhani ni utani wa kifugaji. Baba hakucheka. Aliuza dume moja mnadani, mdogo wangu akanunuliwa sanduku la bati na mashati ya mitumba, maana mitumba ilikuwa imeanza kumwagika Katesh kila siku ya mnada na watu wakawa wanavaa vizuri kwa ghafla.

Baba alifariki mdogo wangu akiwa frateri, seminari kuu. Alizikwa bomani kwa desturi yao, na mama akanyoa nywele pamoja na mama mkubwa.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu ndipo kosa lilipoingia. Kwa watu wa baba, kifo hakivunji ndoa. Mwanamke aliyetolewa ng'ombe ni mke wa boma lile, na mume akifa anabaki kuwa mke wake. Ng'ombe wake wanaitwa wa marehemu, watoto hata wakizaliwa baadaye wanaitwa wa marehemu, na shemeji ndiye mwangalizi wa boma. Baba mdogo alichukua uangalizi huo. Alikuja asubuhi kuhesabu mifugo, akanywa maziwa, akaenda zake kwa wake zake. Hakuna siku aliyolala kwa mama. Lakini lugha ya mtaani ilibaki ile ile: mama ni mke wa bwana fulani. Hata mama mwenyewe alisema, "Mume wangu anapenda hivi, mume wangu hapendi hivi," miaka mingi baada ya kumfukia.

Na kigango, chenye katekista na baraza la walei na jumuiya zake zote, kikaendelea kumwona mke wa pili. Wale waliosema kwamba ndoa ya mama si ndoa mbele ya Mungu, ndio hao hao ambao, mume alipokufa, waliifanya ndoa ile kuwa ya milele. Walimfungia kwa sheria ya Kanisa, wakashikilia komeo kwa desturi ya wafugaji. Na hakuna aliyeona ajabu. Mama naye aliendelea kukunja magoti.

Mdogo wangu alipadrishwa karibu na wakati ule mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha, na Hirbadaw ilijaa sherehe kama haijawahi kuwa na sherehe nyingine. Misa yake ya shukrani ilisaliwa nje, chini ya turubai, kwa kuwa kanisa lilikuwa dogo. Wanawake wa ukoo tulishona kitenge cha aina moja. Baba mdogo alikuja na fimbo na shuka lake, akasimama pembeni kabisa, akatoa dume la kuchinjwa. Mama aliwekwa mbele, kiti cha plastiki chenye kitambaa cheupe, ua limebandikwa kifuani.

Ilipofika Komunyo mpiga picha tuliyemleta kutoka Katesh akamkimbilia. "Mama padre, simama uwe wa kwanza, nikupige ukipokea kwa mwanao. Hiyo picha utaitundika ukutani."

"Mimi sipokei," alisema mama.

"Leo? Kwa mwanao?"

"Sipokei, baba. Piga wengine."

Mpiga picha akabaki ameshika kamera. Mdogo wangu alikuwa ameshashuka na kikombe chenye hostia, ile mikate ya Komunyo, amesimama hatua chache kutoka kwa mama. Alimtazama. Nilimwona akimtazama. Kisha akageuza uso kwa mtu wa kwanza kwenye foleni, mwanamke aliyekuwa hazungumzi na dada yake kwa ajili ya mpaka wa shamba, akamwambia, "Mwili wa Kristo." Mama alivuta magoti ndani watu wapite. Kulikuwa na nafasi tele siku hiyo, hapakuwa na benchi la mbele, lakini alivuta tu.

Baada ya misa watu walipanga foleni kupata baraka ya kwanza na kubusu viganja vya padre mpya vilivyopakwa mafuta. Wazee wa kumzaa mara mbili walimwamkia shikamoo. Nilipofika zamu yangu akanyoosha mikono huku anatabasamu, akingoja. Nikamwambia, "Sitamwamkia mtu niliyembeba mgongoni akanikojolea." Watu walicheka, naye akacheka, tukamaliza hivyo. Lakini sikuwa natania sana. Nilikuwa nataka kumuuliza ni mikono gani hiyo ambayo inaweza kuwekwa juu ya kichwa cha mama lakini haiwezi kumfikia mdomoni.

Miaka ikapita. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Katesh, nimejenga. Mdogo wangu alipewa parokia ya mbali, juu upande wa Mbulu, kwenye baridi. Mama alibaki Hirbadaw akipikia mapadre wapya waliokuja mmoja baada ya mwingine, wote wakimwita mama padre kwa heshima, wote wakiambiwa na katekista kwamba hapokei.

Kisha chakula kikaanza kumkwama. Kwanza ugali, halafu viazi, halafu hata wali uliolainishwa. Nyumbani kwetu ugonjwa huo, saratani ya koo, unajulikana, umeua watu wengi, na hospitali walipomaliza kumpima walimwambia kwa upole arudi nyumbani. Nilimchukua kwangu Katesh. Alikuwa anakunywa uji mwepesi kwa kijiko, taratibu, akipumzika katikati. Hakulalamika. Aliomba kitu kimoja tu.

"Nataka kupokea kabla sijafa," alisema. "Nenda kawaulize kama inawezekana."

Yaani kawaulize. Mwanamke aliyezaa padre alinituma kuuliza kama mtu anayetuma kuulizia bei.

Nikaenda. Paroko wa wakati huo alikuwa kijana mstaarabu, alinipa kiti. Alisikiliza, akauliza anatoka kigango gani, akakumbuka. "Mama yule ana hali ya ndoa," akasema. "Mke wa pili. Lakini nitakuja kumwombea." Aliniahidi sala kwa moyo mkunjufu kabisa. Nilitoka nje bila kuaga.

Kwenye baraza la nyumba ya mapadre alikuwa ameketi padre mzee aliyestaafu, anaota jua, miguu imevimba. Aliniona uso, akaniita, akaniuliza nina nini. Nikamweleza yote kwa hasira bila kupunguza.

"Shikamoo sikukupa, baba, nisamehe," nikamalizia.

"Achana na shikamoo. Mume wa mama yako yuko hai?"

"Alishafariki."

"Zamani?"

"Mdogo wangu alikuwa hajapadrishwa bado."

"Na ameolewa tena? Anaishi na mwanamume?"

"Hapana. Anaishi peke yake na mbuzi."

Mzee alitikisa kichwa. "Basi yuko huru tangu siku ile baba yako alipokufa. Alihitaji kuungama tu, saa hiyo hiyo apokee. Nani aliyemfungia?"

Nilitafuta jina la mtu na sikulipata, kwa sababu hapakuwa na mtu. Hakuna askofu aliyeandika, hakuna padre aliyetamka. Kila mmoja alimkuta mama yuko nje, akafikiri aliyetangulia ndiye aliyemtoa. Na mwenye uwezo wa kufungua hakujisumbua kujaribu kama mlango umefungwa. Mzee akasema yuko tayari kuletwa kwangu siku hiyo hiyo, nimtafutie gari.

Nilirudi kumwambia mama. Alikuwa amelala ubavu, anaangalia ukuta. Nilimweleza pole pole, na nilidhani atalia. Hakulia. Aliuliza, "Hata siku ile ya misa yake?"

"Hata siku ile, mama."

Aligeuka kutoka ukutani. Kisha akasema padre mzee asisumbuke na miguu yake. "Aje mdogo wako. Nataka mkono wake. Nimesubiri miaka yote, siku chache haziwezi kunishinda."

Nilipiga simu usiku ule ule, sikungoja kesho. Mdogo wangu alikuwa na wageni. Askofu alikuwa anakuja parokiani kwake kutoa kipaimara, watoto wameandaliwa, hawezi kuondoka. "Nikimaliza tu nakuja, dada. Mshikilie." Mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kushuka, naye akamaliza, akakwama njiani, akaja siku tatu baadaye akiwa na matope hadi magotini. Katika siku hizo uji ulikoma kupita. Nilikuwa namlowanisha midomo kwa pamba.

Kabla hajaingia chumbani nilimsimamisha uani. Nilimuuliza kama alijua. Alisoma sheria za Kanisa miaka na miaka, alifanya mitihani yake, anafungisha ndoa za watu. Alijua?

Alifuta uso kwa kiganja. "Nilijua kwamba baba akifa inawezekana. Lakini nilisikia baba mdogo amerithi boma. Sikujua kama... kama anaingia kwa mama."

"Ungeuliza."

"Nimuulize mama yangu kitu kama hicho? Dada, mtoto wa kiume anamuulizaje mama yake? Na padre haungamishi mama yake, siyo kawaida. Nilidhani paroko wa huku analishughulikia."

"Baba mdogo hajawahi kulala nyumba ile hata siku moja. Ungeniuliza hata mimi. Uliona aibu ya swali moja, yeye akakaa na njaa miaka yote hiyo mbele yako."

Nilimchukia wakati ule, na sitaki kuandika neno laini kuliko hilo. Nilimchukia pamoja na kola yake nyeupe na mikono yake. Kwa mikono ile angeweza kufungua watu asiowajua, wauaji hata, kwa neno moja kwenye dirisha la kitubio. Alipewa uwezo ambao malaika hawana, katekista alitufundisha hivyo, na akashindwa kuuliza jambo ambalo jirani yeyote angemjibu kisimani.

Aliingia, akafunga mlango. Aliungamisha mama yake. Alichosema mama sikijui na sitakijua, ila haikuchukua muda. Mlango ulipofunguliwa mdogo wangu macho yalikuwa mekundu, na mama uso wake ulikuwa umetulia sana. Aliniita niingie nimwinue. Nilimwinua, nikamweka mgongo kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi.

Mdogo wangu alitandika kitambaa, akasali, akampaka mafuta kwenye paji na viganjani. Kisha akavunja hostia, akatoa kipande kidogo kama punje ya ulezi, akakiweka kwenye kijiko chenye maji. "Mwili wa Kristo," alisema.

"Amina," alisema mama. Alilisema vizuri kabisa, kama mtu aliyekuwa akifanya mazoezi.

Alifungua mdomo. Kijiko kikaingia. Nilihisi kifua chake kikijitahidi mikononi mwangu, kikijitahidi tena, kisha kikohozi kikaja kutoka chini sana na hakikuweza kuzuiwa. Vyote vikatoka, maji, mate mazito, na kile kipande, vikaangukia kwenye pindo la kanga yake. Nilinyoosha mkono nifute, kama nilivyokuwa nafuta wiki nzima. Mdogo wangu akanidaka kifundo cha mkono. "Usiguse."

Ndivyo sheria inavyosema, najua. Mwili wa Bwana hautupwi, haufutwi na kitambaa. Aliinama juu ya kanga, akakusanya kwa vidole vyake kile kipande pamoja na makohozi ya mama, akaweka mdomoni mwake, akameza. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye mikono. Akachukua kijiko tena kumjaribia mara ya pili, mama akatikisa kichwa. Alikuwa anamwangalia mwanawe usoni.

"Kula tu," alimwambia. "Mimi basi."

Alifariki kesho yake kabla ya mchana, bila kupokea.